Neno Liwe Ufunguo: Rangi za Kihispania kwa Fumbo la Vipande

Hotuba hii ilitolewa Mbeya mbele ya walimu wa madarasa ya awali, wazazi na walezi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.

Mugonile! Na ninyi mliotoka upande wa Iringa na Njombe, kamwene! Wazee wetu, shikamooni. Walimu, akina mama, akina baba, bibi na babu mliokuja na wajukuu mgongoni, karibuni sana.

Kwa nini Kihispania? Hilo lisituchukulie muda. Ni lugha ya taifa katika nchi 20, moja iko hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, na ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Mzazi aliyekuja leo ameshaamua kwamba mwanawe aionje. Kazi yetu ni kuonja kwenyewe: tuanzie wapi, na tuanze vipi, na mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano?

Tunaanza na rangi, na tunaanza na fumbo la vipande, lile ambalo wengine huliita pazo. Lakini kabla ya mtu kukimbilia dukani, nina swali. Mtoto akimaliza fumbo, amejifunza nini?

Tumtazame mtoto wa miaka minne, amekaa kwenye mkeka pale Uyole. Mbele yake kuna ubao wenye matundu manne: duara, mraba, pembetatu na nyota. Duara ni jekundu, mraba ni wa bluu, pembetatu ni ya njano, nyota ni ya kijani. Mwalimu anatamka vizuri kabisa: rojo, azul, amarillo, verde. Mtoto anashika kipande, anakizungusha, anakiingiza. Anashika kingine. Dakika haijaisha, fumbo limekwisha. Makofi! Kesho yake mwalimu anainua penseli nyekundu: "¿De qué color es?" Ni rangi gani? Mtoto anamkodolea macho. Siku ya tatu vilevile. Siku ya kumi mwalimu anaanza kusema kwamba mtoto huyu ni mzito wa lugha.

Ndugu zangu, mtoto huyu ni mwepisi sana. Fumbo ndilo bubu. Duara linaingia kwenye tundu la duara hata ukilipaka masizi. Umbo lilishampa jibu kabla mwalimu hajafungua mdomo, sasa asikilize neno la nini? Masikio yake yalikuwa likizo, na sisi ndio tuliyapa likizo.

Kama mtakumbuka jambo moja tu la leo, liwe hili: fumbo linaloweza kutatuliwa bila neno halifundishi neno. Neno liwe ufunguo. Mlango usifunguke kwa umbo, usifunguke kwa kubahatisha, usifunguke kwa mwalimu kunyoosha kidole. Ufunguke kwa neno.

Tunafanyaje? Kuna mambo mawili, na yote mawili yanahitajika.

La kwanza, vipande viwe na umbo moja na ukubwa mmoja, rangi peke yake ndiyo itofautiane. Ukiwa na miraba sita ya sentimita 8 kwa 8, sita tu, na ubao wenye nafasi sita zilizopakwa rangi, mtoto hana pa kushika isipokuwa rangi.

La pili, vipande visikae mbele ya mtoto. Vikae dukani. Mtoto mmoja anakuwa mwenye duka, amekaa nyuma ya boksi, vipande viko kwake. Mwenzake ana ubao mtupu. Anakwenda dukani na kusema, "Dame azul, por favor." Dame ni nipe, por favor ni tafadhali. Mwenye duka anatoa kile alichoombwa. Narudia: kile alichoombwa, hata kama mwombaji alikuwa anataka kingine. Pale soko la Mwanjelwa ukiomba vitunguu hupewi nyanya kwa sababu muuzaji amekuonea huruma. Akisema verde apewe verde, aende nacho kwenye ubao wake, aone rangi hazilingani, arudi. Kule kurudi ndiko kujifunza. Mwalimu anayemwahi na kumwambia "hapana, sema azul" amemnyang'anya ile safari.

Na hapa bibi na babu mna nafasi yenu. Mwenye duka anahitaji kujua maneno sita tu. Bibi asiyewahi kusikia Kihispania anaweza kuendesha duka hilo jioni jikoni, na mjukuu ndiye atakayemfundisha. Mtoto anayefundisha hasahau.

Sasa niwapeleke London, miaka ya 1760. Kulikuwa na mchonga ramani aliyeitwa John Spilsbury. Alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa msumeno. Alikata wapi? Hakukata ovyo. Alifuata mipaka ya nchi. Mtoto aliyeshika kipande alishika nchi nzima, na alipotafuta nchi jirani alikuwa anajifunza ujirani. Haya ndiyo mafumbo ya kwanza ya vipande tunayoyafahamu, na yalizaliwa yakiwa chombo cha kufundishia. Spilsbury alikata pale palipo na somo.

Mafumbo mengi ya siku hizi yamekatwa ovyo kwa makusudi. Picha ya twiga vipande 24, na kila kipande kina njano kidogo, kahawia kidogo, kijani kidogo. Ni fumbo zuri kwa macho na vidole. Kwa rangi ni bure, maana ukimwuliza mtoto kipande hiki ni rangi gani, atataja ipi? Somo letu ni rangi, basi msumeno ufuate rangi. Kipande kimoja, rangi moja, neno moja.

Na tunayo picha iliyokwisha kugawanywa kwa rangi tangu 1964. Picha gani? Bendera yetu! Kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, mkanda mweusi wa mshazari katikati, na mistari miwili ya njano kuusindikiza. Vipande vitano, rangi nne: verde, azul, negro, amarillo, amarillo. Kwa Kihispania chenyewe ni la bandera. Sisi tulilipata bendera kwa Wareno, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mtoto hana neno jipya hapo. Na meza ambayo bendera imelazwa ni la mesa.

Lakini utamu wa bendera hii uko kwenye pembetatu. Ya kijani na ya bluu ni pacha. Igeuze ya kijani kichwa chini, inakaa sawasawa kwenye nafasi ya bluu. Mnaona maana yake? Umbo haliwezi kumsaidia mtoto. Tuchukue msichana wa miaka mitano. Amebakiza kona ya chini, kona ya bluu. Anakwenda dukani na kusema, "Dame verde." Anapewa. Anaiingiza, inaingia! Hakuna kilichogoma. Anainua macho kwenye bendera iliyobandikwa ukutani. Anatazama ubao. Anatazama ukuta. Kijani iko chini? Anaitoa mwenyewe, anarudi dukani, safari hii anatembea polepole, mdomo unajaribu: a... azul. Hakuna mtu aliyemsahihisha. Bendera imemsahihisha. Mwalimu, pale ukae kimya, hata kama ulimi unakuwasha.

Sasa twende kwenye masikio. Mnajua mtoto wetu anaingia kwenye Kihispania akiwa na mtaji gani? Mtaji mkubwa kuliko wa mtoto wa Uingereza. Irabu za Kihispania ni tano: a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Mkazo wa neno linaloishia na irabu kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: RO-jo, VER-de, BLAN-co (nyeupe), mo-RA-do (zambarau). Mwambieni mtoto aseme ma-JA-ni, aseme ki-TA-bu. Umeona? Anayo tayari.

Zaidi ya hapo, sisi tunataja kitu kwanza, rangi baadaye. Nyumba nyekundu. Nao casa roja, nyumba nyekundu, kwa mpangilio uleule. Na rangi inafuata kitu chake kwa sura. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anasema mwekundu, chekundu, vyekundu, jekundu, mekundu, nyekundu bila kufundishwa na mtu. Kwa Kihispania kila jina la kitu ni la kiume au la kike, la umoja au la wingi, kwa hiyo kinamdai sura nne tu: rojo, roja, rojos, rojas. Hata zile rangi zisizobadilika kwetu zina wenzao. Tunasema kiti cha bluu, gari la bluu, na bluu haigeuki. Verde na azul nazo hazijali kitu ni cha kiume au cha kike, huongeza alama ya wingi tu: verdes, azules. Ila msianze na hayo! Kwa miezi ya kwanza, rangi itajwe kwa sura moja: rojo, blanco, negro, amarillo. Roja na blanca zisubiri mtoto wa miaka sita au saba, yule anayesoma. Kwake unatengeneza fumbo la jozi: kipande cha picha na kipande cha neno. Maneno ya kike yakatwe kwa pengo la duara, ya kiume kwa pengo la mraba. Casa itakubali roja na itaikataa rojo. Mkono utahisi sarufi.

Kuna mitego, na mingi inatunasa sisi watu wazima tunaosoma. Neno rojo limeandikwa kama rojo la mchuzi. Ukilisoma hivyo umepotea. J ya Kihispania inatoka kooni, kama kh ya sheikh, na sehemu nyingi za Amerika ya Kusini na Karibiani inalainika karibu na h. Kwa hiyo rojo linasikika karibu na roho, huku r ya mwanzo ikitetemeshwa. Amarillo, ll yake ni y: a-ma-ri-yo. Verde, v yake ni b: berde. Azul sehemu kubwa ya Hispania ina th ya thelathini, Amerika ya Kusini ina s ya samaki. Zote ni sahihi. Shule ichague moja na walimu wote washike hiyo hiyo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu akisikia athul Jumatatu na asul Jumatano, kwake ni rangi mbili.

Ndiyo maana ninasisitiza: kwa hawa wadogo, msiwaonyeshe maandishi. Neno lipite sikioni. Mwalimu alisikilize kwa mzungumzaji mwenyewe kwenye simu mara kadhaa kabla ya kuingia darasani, kisha akunje karatasi aiweke mfukoni.

Na makosa ya watoto? Tunayajua kabla hayajatokea. Azul litakuwa azuli, kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia na irabu. Blanco litakuwa bulanko, na gris, yaani kijivu, litakuwa girisi kama ile ya fundi magari. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani inachanganya l na r atakuletea amalillo. Yote hayo yapokee. Akisema "dame azuli", apewe azul, na mwenye duka ajibu tu: "Azul." Asikie neno safi akiwa ameshika kipande mkononi. Usimfanye arudie mara tano mbele ya wenzake. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa ajili ya r atanyamaza mwaka mzima.

Neno moja lahitaji uangalifu. Negro kwa Kihispania ni rangi nyeusi, kama kalamu nyeusi, kiatu cheusi, mkanda mweusi wa bendera. Litamkwe kwa e yetu, na lifundishwe kwa vitu tu. Tusimzoeze mtoto kumwita mtu kwa neno hilo.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Wananunua rangi 12, wanamwaga 12 kwa siku moja. Maneno 12 kwa mtoto wa miaka mitatu? Ni kama kumpa mtoto mchanga ugali na maharage.

Anza na mbili: rojo na azul. Hazifanani kwa jicho wala kwa sikio. Wiki ya pili ongeza amarillo peke yake. Ni refu, basi lipigiwe makofi manne, a-ma-ri-yo, na watoto watalipenda kuliko yote. Wiki ya tatu blanco na negro. Wiki ya nne verde. Kwa nini verde imechelewa hivyo? Kwa sababu katika lugha nyingi za Kibantu, kijani na bluu hazina majina mawili ya asili, na mtoto anaweza kuwa bado anazichanganya hata kwa Kiswahili. Angalieni Kiswahili chenyewe: nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo zenye vivumishi vyake vya asili. Zilizobaki zimeazima majina ya vitu au maneno ya wageni. Ukimfundisha azul na verde siku moja, umefunga mafundo mawili kwa kamba moja. Azul likishakomaa kwa wiki tatu, verde linakaa pembeni yake kwa amani. Wiki ya tano leteni bendera. Bendera ndiyo mtihani, kwa zile pembetatu pacha.

Baada ya hapo zinakuja zile rangi zenye majina ya vitu, na hapa Kiswahili na Kihispania vinashikana mikono ajabu. Machungwa ni tunda na ni rangi. Naranja ni tunda na ni rangi. Waridi ni ua na ni rangi. Rosa ni ua na ni rangi. Zambarau ni tunda. Morado limetokana na mora, jina la forosadi na jamaa zake. Na kahawia limetoka kwenye kahawa. Meksiko na nchi nyingi za jirani zake wanasema café, kahawa hiyo hiyo! Mtoto wa Mbozi au Mbinga, ambaye nyumbani kwao kahawa inaanikwa uani, utamfundisha café kwa dakika moja. Hispania husema marrón. Mimi ningechagua café, na sababu si utamu wa hadithi peke yake: marrón na morado yanafanana sikioni, watoto huyabadilishana. Kwa sababu hiyo hiyo rosa isije karibu na rojo. Maneno yanafanana, rangi zinafanana. Ziachanishe kwa wiki tatu au zaidi.

Katika kila rangi mpya kuna hatua tatu. Mfaransa Édouard Séguin ndiye aliyezipanga, Maria Montessori akazifanya mashuhuri. Kwanza unataja: unamwekea kipande na kusema "rojo", basi. Pili unaomba: "Dame rojo", naye anachagua kati ya viwili au vitatu. Tatu, mwisho kabisa, unauliza: "¿De qué color es?" Wapi tunakosea? Tunaanza na ya tatu! Tunauliza kabla hatujatoa. Mtoto anabahatisha, anakosea, na kosa ndilo linakuwa kumbukumbu yake ya kwanza. Hatua ya pili ndiyo ndefu, ikae siku nyingi. Kama bado anakosea, rudi ya kwanza kesho yake, usilazimishe leo.

Na kabla ya hatua zote hizo kuna moja isiyo na neno: alinganishe. Mpe vipande vya jozi avipange, chekundu kwa chekundu. Akishindwa hapo, tatizo halipo kwenye Kihispania. Huenda hajaelewa mchezo. Lakini kama mara zote nyekundu na kijani zinamchanganya hata akiwa ametulia na mwanga ni mzuri, mpelekeni apimwe macho. Upofu wa rangi huwapata zaidi wavulana, na mwingine hufika darasa la saba akipigiwa kelele kwa jambo ambalo jicho lake haliwezi. Montessori alianza na vibao sita tu, jozi tatu, nyekundu, njano na bluu, kabla ya kufika kwenye boksi la vivuli 63. Jozi tatu zinatosha kuanza.

Tafsiri? Mara moja tu. Siku ya kwanza sema, "Rojo ni nyekundu." Ukilisema kila siku, mtoto atasubiri Kiswahili na kuliacha la kwanza lipite kama kelele.

Tuje kwenye mbao. Sisi wa nyanda hizi hatuna sababu ya kuagiza fumbo kutoka mbali, Mafinga imejaa misonobari na plaiwudi. Shiti moja ni sentimita 122 kwa 244. Ikate vibao vya 20 kwa 30, utapata 48, na pengo la msumeno limo. Kila fumbo linahitaji vibao viwili, kwa hiyo shiti moja ni mafumbo 24. Darasa la watoto 40 mkigawana wanne wanne mnahitaji 10. Shiti moja inahudumia madarasa mawili ya namna hiyo na akiba inabaki.

Kibao cha juu kichorwe mstatili wa 16 kwa 24 katikati. Hicho ndicho kimo na urefu wa bendera, mbili kwa tatu. Toboa tundu dogo la kekee kwenye mstari wa mshazari, pitisha msumeno mwembamba, fuata mistari. Kinachotoka ndiyo vipande, kinachobaki ni fremu. Fremu igandishwe juu ya kibao cha pili kwa gundi nyeupe ya mbao, ibanwe usiku kucha. Mistari ya njano isipungue sentimita 1.5 kwa upana, la sivyo itavunjika wiki ya kwanza. Ichoreni pembetatu moja kwenye karatasi, ikate, tumieni karatasi hiyo hiyo kwa pembetatu zote mbili. Zikipishana hata milimita 3, watoto watagundua kwa kidole, na utakuwa umeurudisha ufunguo kwa umbo.

Halafu msasa, namba 120. Hapa fundi mwenye haraka ataharibu kazi. Vipande vikibana sana kiangazi, masika havitoki kabisa, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuvimba. Mtu wa Tukuyu anajua ninachosema. Rangi nayo inaongeza unene ukingoni. Pengo la milimita 2 hadi 3 kuzunguka kila kipande ndilo salama. Na kila kipande kipate kifundo cha kushikia au tundu la kidole.

Rangi iwe ya maji. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano na nyekundu, huwekwa madini ya risasi, na mtoto wa miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni. Chini ya njano tandaza nyeupe kwanza, vinginevyo mbao itaifanya kama haradali. Bluu iwe ya katikati. Bluu iliyokolea, kwenye darasa lenye dirisha moja siku ya mawingu, ni nyeusi, na utamlaumu mtoto anayesema negro wakati jicho lake limesema kweli.

Hakuna plaiwudi? Chukua boksi, bandika matabaka matatu ya kadibodi, la katikati likae kinyume na mengine, weka tofali juu mpaka kesho. Uji wa unga wa muhogo unagandisha, lakini kwenye baridi na mvua zetu unaota ukungu. Gundi nyeupe ni bora. Funika kwa selotepu pana.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipande chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno, anaweza kukimeza. Vifundo vya vifungo na vizibo hapo marufuku.

Nyuma ya kila kipande andika namba ya fumbo lake. Wakati wa kukusanya, usihesabu peke yako. Uliza darasa, "¿Falta?" Kuna kinachokosekana? Wao wanatazama fremu na kujibu, "Falta negro." Kipande kiko mfukoni kwa mtu, kimesahaulika tangu asubuhi, na kwa kukitafuta darasa zima limetaja rangi mara kumi bila kujua kwamba ni somo. Walimu wengine hufikia mahali pa kuficha kipande kimoja kila siku. Fanyeni hivyo.

Dakika 10 zinatosha kwa wa miaka mitatu na minne, 15 kwa wa mitano. Na msishindanishe kasi. Mtoto anayekimbia hasemi.

La mwisho ni kwa yule ambaye hana plaiwudi, hana boksi, hana rangi, ana watoto watano barazani na umeme umekatika. Una fumbo kubwa kuliko yote, na halina kipande cha kupotea. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Ukumbi: Yai!)

Ni yai, tangu enzi za bibi. Sasa usiishie hapo. Nyumba hiyo nje ni rangi gani? Blanco. Ukiivunja, ndani? Amarillo. Na la kuku wetu wa kienyeji? Mengine ni café! Watoto wataanza kubishana, na watabishana kwa Kihispania. Tengenezeni vyenu, jibu lipatikane kwa rangi tu. Nje verde, ndani rojo, mbegu negro. Tikiti. Shamba ni blanco, lakini kila mmoja shambani ana jicho la amarillo. Nani kutoka Mufindi au Umalila? Pareto, ndiyo. Umbo halikutajwa, ukubwa haukutajwa, ladha haikutajwa. Asiyejua neno hana pa kupenyea.

Kingine, na hiki mkijibu mkiwa mezani. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Jioni negro, asubuhi gris, na katikati yake usiku kucha palikuwa na rojo.

Vibao viko meza ya kushoto, vya kadibodi meza ya kulia. Wawili wawili, mmoja mwenye duka, mmoja mnunuzi. Vile vyenye vifundo vya vizibo viacheni kwa wenye watoto wa miaka minne kwenda juu. Wanunuzi, ombeni kwa neno. Wenye duka, msitoe bila neno.